Mama Pelagia na Hukumu ya Kampuni ya Punda

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Pelagia Raymundi anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Kampuni ya Ushauri Njiapanda, ofisi ya Tabora, kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe imempa mwandishi kurasa mbili na kumwonya asimtanie mno mstaafu mbele ya wajukuu wake. Mwandishi amelipokea onyo hilo kwa heshima zote, na sasa anaomba kuendelea.

Hakuna anayemwita Bi. Pelagia isipokuwa benki. Kwetu ni Mama Pelagia. Alizaliwa Bukene, akasomeshwa na masista, akaajiriwa mwaka 1999 kama mpiga chapa. Wakati huo kampuni ilikuwa na watu wawili tu: yeye na Mkurugenzi wetu, Bw. Adriano, Mgogo wa Dodoma aliyekuja Tabora kwa kazi ya muda mfupi akanogewa na asali. Kazi yetu, kwa wasioijua, ni kuwafundisha wafanyabiashara na vyama vya wakulima namna ya kuendesha shughuli zao bila kufilisika. Utamu wenyewe uko hapo, maana kwa miaka mingi, katika kila ukumbi tulioingia, aliyekuwa karibu zaidi na kufilisika alikuwa mwalimu.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakivuka Ugogo na kutozwa hongo, ule ushuru wa kupita njia, hadi kwa maji ya kunywa. Mama Pelagia hajasamehe hata tone. Kila Mkurugenzi alipochelewesha posho ya safari, alimuuliza mbele yetu kama ile hongo ya mababu bado haijamtosha. Naye alijibu kwamba Mnyamwezi hapewi posho, hutwishwa mzigo. Wageni walidhani wanagombana. Sisi tuliendelea na chai.

Na mzigo kweli aliubeba. Miradi ilipoanza kukauka na wafanyakazi kubaki watano, yeye akawa mapokezi, utawala, mratibu wa mafunzo na fundi wa jenereta. Funguo zote zilikaa kwenye mkoba wake. Siku moja mfadhili fulani alitaka kuja kuona kama kampuni yetu ni kubwa kama barua zetu zilivyojisifu. Loo! Mama Pelagia alivuka barabara akarudi na mafundi cherehani, akawakalisha kwenye viti vitupu mbele ya kompyuta ambazo umeme wake ulikuwa umekatwa. Fundi Majidi alisahau kuvua futi yake shingoni. Mgeni alipomuuliza anahusika na nini, Majidi alijibu bila kupepesa kwamba yeye ni mtu wa vipimo. Mgeni akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika. Kazi tulipata, na Majidi bado anatudai soda.

Safari nyingine gari letu lilizimika nje kidogo ya Kaliua, tukiwa na washiriki wa mafunzo ya ushirika ndani yake. Aliwashusha wote wakasukuma, yeye akitembea pembeni na kueleza faida za nguvu ya pamoja. Kwenye ripoti tuliandika kwamba mafunzo kwa vitendo yalikwenda vizuri.

Kisha Mkurugenzi akafungua ofisi Dodoma. Alituambia wateja wakubwa wako makao makuu, na huenda ni kweli, ila hawakuwa wakija kwake. Ofisi ile ilikuwa na vigae vinavyoteleza, makochi ya ngozi na mashine ya kutoa maji ya moto na ya baridi. Mteja wa kwanza aliyeingia aliuliza choo kiko wapi. Huku Tabora tulikuwa tukichota maji kwenye jaba kwa kikombe, na kiyoyozi kilikuwa kimehamiwa na ndege shorewanda. Chochote kilichopatikana Tabora kilipanda basi kwenda kulipa pango la Dodoma. Mishahara yetu ilikuwa ikisubiri pango lilipwe kwanza.

Mwezi Juni mwaka jana habari zikatufikia. Mkurugenzi angekuja Ijumaa kufunga warsha yetu ya wafuga nyuki kule Isikizya, akiwa mgeni rasmi. Jumatatu yake angetangaza kuifunga ofisi ya Tabora. Sisi watano tungerudi nyumbani. Hafsa, mhasibu wetu, alikuwa na pacha wachanga. Mwandishi alikuwa amelipa mahari nusu. Mama Pelagia yeye umri wa kustaafu alikuwa ameshaupita kimyakimya, kama abiria aliyepitiliza kituo kwa usingizi, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Angeweza kwenda zake na asilaumiwe na mtu. Badala yake alikaa chini akatunga igizo.

Warsha zetu huwa na igizo dhima, ambapo washiriki huigiza biashara yenye matatizo na wengine hushauri. La safari hiyo lilihusu kampuni ya kukodisha punda. Mwenye kampuni, aliyechezwa na Bw. Xavery, mfugaji nyuki mwenye tumbo la kutosha, alikuwa amejenga zizi la pili mbali sana. Lilikuwa na vigae na halikuwa na punda. Punda wa zizi la nyumbani walikuwa wakifa njaa ili vigae vipigwe deki. Alikuwemo pia Bi. Mchapakazi, aliyechezwa na Hafsa, aliyechota maji, kukata majani, kupiga hesabu, kushika funguo na kulala mlangoni mwa zizi. Nafasi hiyo Mama Pelagia aliiandika kwa mapenzi makubwa, na hatukuhitaji kuuliza kwa nini. Mwandishi alicheza punda mwenye njaa, na hakuhitaji mazoezi.

Mwisho wa igizo Mama Pelagia alimkaribisha mgeni rasmi atoe hukumu ya kitaalamu. Ila kwanza aliuomba ukumbi ukubaliane kwamba mwenye kampuni ataufuata ushauri wote, bila kuchagua anachokipenda. Ukumbi ulipiga makofi. Mkurugenzi naye alipiga.

Tuwe wakweli, Bw. Adriano anapoacha kujishughulisha na makochi ni mshauri hodari mno. Alivua koti. Alisema zizi la vigae lifungwe mwezi huo huo, hakuna mjadala. Mama Pelagia akatabasamu. Mkurugenzi akasema mwenye kampuni arudi nyumbani, akae na punda wake, anuse anachonusa punda. Mama Pelagia akazidi kutabasamu, na Bw. Xavery akainamisha kichwa kwa aibu ambayo hakuambiwa aigize.

Halafu Mkurugenzi akamgeukia Bi. Mchapakazi. Akasema huyu mama wote wanampenda, na yeye pia ni ugonjwa wa kampuni hii. Anabeba kila kitu, kwa hiyo hakuna mwingine aliyewahi kujifunza kubeba. Akiugua leo, punda wanakufa kesho. Apewe mwaka mmoja awafundishe wenzake, akabidhi funguo, kisha aagwe kwa heshima. Wafuga nyuki wakapiga makofi kuliko yote ya mwanzo.

Mwandishi, akiwa bado na masikio yake ya karatasi, alikuwa amesimama karibu na Mama Pelagia na aliuona uso wake. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Ikumbukwe kwamba mpaka dakika ile Mkurugenzi hakuwa amejitambua. Kwake hizo zilikuwa habari za punda tu. Kama Mama Pelagia angeshukuru na kuketi, igizo lingeishia hapo, naye angebaki na kiti chake hadi Jumatatu, na pengine Mkurugenzi angempeleka Dodoma akawe mama wa vigae. Ofisi ya Tabora ingekuwa imekwisha. Alimtazama Hafsa, akamtazama na punda mwenye masikio ya karatasi.

Kisha alimshukuru mgeni rasmi na kuuambia ukumbi kwamba zizi la vigae liko Dodoma, mwenye kampuni ndiye aliyetoka kuhukumu, na Bi. Mchapakazi ni yeye mwenyewe. Akasema hukumu ameisikia na ameikubali, mambo yote matatu, na anamwomba mwenzake naye aikubali.

Ukumbi ulilipuka. Mkurugenzi alitazama huku na huku kama anatafuta mlango, lakini mtu hamkasirikii mtani wake mbele ya wafuga nyuki arobaini. Alicheka. Alicheka hadi akatoa leso, na alipomaliza kucheka leso bado ilikuwa inafanya kazi.

Njiani kurudi mjini alijaribu kulegeza kamba. Alimwambia Mama Pelagia kwamba lile la tatu lilimponyoka tu, na wanaweza kulisahau, abaki kazini hadi achoke mwenyewe, mradi na yeye asahau lile la vigae. Mama Pelagia alimjibu kwamba wamekubali yote au hawakukubali lolote. Alilisema kwa sauti ndogo, akiwa ameukumbatia mkoba wenye funguo. Sisi wa kiti cha nyuma tulijifanya tunatazama miombo. Hafsa alikuwa analia.

Jumatatu Mkurugenzi alitangaza kuifunga ofisi ya Dodoma.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mateso na vicheko. Mama Pelagia aliweka kiti katikati ya ofisi, akaketi na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akatutazama tukihangaika. Hafsa aliwasha jenereta akaipaka masizi ofisi nzima. Mwandishi aliwaalika wana ushirika wa tumbaku na wa alizeti ukumbi mmoja kwa wakati mmoja, wakafundishwa wote upangaji wa bei ya asali. Mikono ya mama huyu ilikuwa inamwasha, tuliiona ikitambaa kuelekea kwenye funguo, lakini alijizuia, akatafuna, akacheka hadi machozi.

Mwezi Februari alikwenda Bukene kwenye msiba. Akiwa huko walitujia wateja kutoka Kaliua bila taarifa, chama kizima. Tuliwapokea, tukawasikiliza, tukawaandalia mafunzo na kuyamaliza. Aliporudi alituuliza kwa nini hatukumpigia simu. Tulijibu kwamba hatukukumbuka. Aliuma midomo, akatununia siku mbili, hata chai hakunywa nasi. Siku ya tatu alimkabidhi Hafsa mkoba, mkoba wenyewe na vyote vilivyomo.

Mkurugenzi ameusoma wasifu huu na hakufuta kitu, ingawa aliomba iandikwe kwamba vigae vilikuwa vya bei nafuu. Imeandikwa. Siku hizi anachota maji kwenye jaba kama sisi, na amenenepa.

Mama Pelagia, tulikuudhi ulipokuta tumeweza bila wewe. Tusamehe. Tulitaka kukupigia, kila mmoja wetu alishika simu akairudisha mfukoni, maana tulijua ulichokitoa ili tufike hapo. Asante, mama. Asante sana. Nenda Bukene ukapumzike kwa raha zako, Mungu akupe afya, mvua za kutosha na wajukuu wasiokuchosha.

Jumatatu asubuhi ofisi ya Tabora itafunguliwa. Tafadhali usije.

Mussa Selemani
Ofisa Utafiti, kwa niaba ya wafanyakazi wote