Bi Lorene na Asubuhi Tuliyokuta Bwawa Halipo

Tarehe thelathini Mei, Bi Lorene Vrabel atakabidhi funguo za ofisi ya chama chetu cha wenye nyumba hapa Cedar Hollow, Teksas, baada ya kukitumikia kwa miaka ishirini na sita. Alipotutangazia mkutanoni tulibaki midomo wazi. Tulidhani kustaafu ni mambo ya watu wengine.

Alianza kama mpokea simu, akapanda hadi kuwa meneja. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia masharti yaliyomo kwenye hati za nyumba zetu, ambayo kila mnunuzi huyakubali: rangi za kuta, urefu wa uzio, mahali pa kuegesha boti. Kazi hiyo haimpi mtu marafiki. Aliwahi kumwamuru mchungaji wake mwenyewe abomoe banda la kuku, na Jumapili iliyofuata akaketi safu ya mbele kanisani kama kawaida.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni Bwana Dale Hruska, aliyepaka nyumba yake rangi ya chungwa kisha akatupeleka mahakamani alipoambiwa aibadilishe. "Ukuta ni wangu, Lorene," alimwambia mbele za watu siku aliposhindwa kesi. "Wewe unalinda makaratasi tu."

"Basi leo nimeyalinda vizuri, Dale. Kapake upya."

Ikaja asubuhi ile ya Agosti. Tuliamka tukakuta bwawa letu halipo. Mrithi wa mtu aliyetuuzia viwanja alikuwa amefungua lango la maji usiku, akidai ardhi iliyo chini ya bwawa ni ya familia yake na atajenga nyumba. Tulisimama ukingoni na nguo za kulalia. Pale watoto wetu walipojifunzia kuogelea palikuwa tope tupu, kambale wakipigapiga mikia. Jirani yangu mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alikaa chini kwenye nyasi akalia.

Bi Lorene alifika, akatazama, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akavua viatu, akachukua ndoo, akaingia topeni hadi magotini.

"Mnatazama nini? Samaki hawana wakili."

Wa kwanza kumfuata alikuwa Dale Hruska. Kufikia mchana, watu waliokuwa hawasalimiani walikuwa wakipokezana ndoo, wakihamishia samaki kwenye lambo la ng'ombe la shamba jirani.

Kesi ya kumzuia mrithi huyo tulishinda kwa masharti yaleyale tuliyokuwa tukiyanung'unikia: kila hati ilisema bwawa ni la wote na mahali pake hapatajengwa kitu. Shahidi wetu alikuwa Dale. Wakili wa upande wa pili akamuuliza kama si yeye aliyeyaita masharti hayo makaratasi tu.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa sijamwona mtu mwingine akiyavunja."

Lango likafungwa. Mvua zilizofuata zikalijaza bwawa.

Tulipomuuliza Bi Lorene anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala keki. Alitaka familia mbili za mtaa wa mashariki zimalize ugomvi wao juu ya njia ya pamoja ya kupita kwa miguu, ambao umedumu miaka tisa. Tuliangua kicheko. Jumamosi iliyopita tuliwakuta wenyewe, baba wa huku na mama wa kule, wameshika nyundo wanang'oa uzio ulioziba njia hiyo. Hatujaamini bado.

Asante, Bi Lorene. Nenda kapumzike, na huko uendako maisha yakutendee mema.