Mwalimu Agustina na Mti wa Kozi

Agustina Ghati Kisyeri alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 Turwa, Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Amos Kisyeri na Mama Mokami, ambao wote wametangulia.

Alipata elimu ya msingi hapo hapo Turwa, akasoma sekondari Musoma na kidato cha tano na sita Mwanza. Mwaka 1985 alihitimu stashahada ya ualimu, masomo ya jiografia na biolojia.

Alifundisha Tarime kwa miaka mitatu, kisha akahamishiwa Wilaya ya Serengeti, akaishi Natta hadi alipostaafu mwaka 2021. Mabara ya dunia aliyafundisha kwa kozi, wale ndege wadogo wa jamii ya kipanga. Wa Amerika hutaga kwenye matundu ya miti yaliyotobolewa na vigogota. Wa Australia hupenda nchi tambarare. Wa kisiwa cha Morisi nusura watoweke. Wa Ulaya hutaga hata kwenye minara ya makanisa, na jamaa zao wadogo huja kwetu wakati wa vuli wakifuata panzi na kumbikumbi. Kozi wa kijivu, mwenyeji wa Natta, hajengi. Huingia kwenye kiota kikuukuu cha fundichuma, ndege mwenye kichwa kama nyundo.

"Kwa hiyo huyu amepanga, mwalimu?" mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza.

"Amepanga, kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye hagongewi mlango."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakuwa anatania sana. Alikuwa anahama chumba kwa mara ya nne.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na Wiliam Nyamhanga, dereva wa kambi ya watalii. Walijaliwa watoto wawili. Mwaka 1998 walipata kiwanja kando ya kijito, penye mgunga mkubwa wenye kiota cha fundichuma. Wiliam alijenga nyumba na boma la ng'ombe. Miaka miwili baadaye kozi wa kijivu waliingia kwenye kile kiota. Wiliam alifariki mwaka 2011, na wapo waliomwambia mjane arudi kwao Tarime. Hakurudi. Alilima, alifundisha, na jioni alikaa mlangoni akitazama juu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Ng'ombe waliuzwa mmoja mmoja kwa ajili ya safari za matibabu Mwanza, mpaka boma likabaki tupu. Mwezi uliopita alimwambia binti yake, Gloria, "Nimechoka, mama. Nikifa, ule mti msiuguse. Kuna makinda." Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, asubuhi.

Familia inaomba kueleza jambo moja, kwa kuwa waombolezaji wengi wameuliza. Katika ukoo wa Nyamhanga, kuni za msiba hukatwa kwenye mji wa marehemu mwenyewe. Kuni zikitoka kwa jirani, watu huondoka wakisema marehemu hakuwa na kwake. Alhamisi, Mzee Tomaso, mdogo wake Wiliam, alifika na shoka akaenda moja kwa moja kwenye mgunga.

"Baba mdogo, mama alikataza," Gloria alisema.

"Nimesikia. Na wewe unataka waseme shemeji yangu alikuwa mpangaji hapa? Miaka yote hii?"

"Sitaki."

"Basi wageni wale ugali mbichi?"

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa hawajalala tangu Jumatano. Gloria alitazama boma. "Nguzo zile ni za hapa hapa, baba mdogo."

"Boma la kaka yangu?"

"Halina ng'ombe."

Mzee Tomaso aliweka shoka begani. Kisha akaenda bomani, akang'oa nguzo ya kwanza kwa mikono yake. Chakula mlichokula tangu Alhamisi kimepikwa kwa nguzo hizo. Kozi wako juu ya vichwa vyenu sasa hivi. Ukitulia utasikia makinda.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gloria na Marwa, wajukuu watatu, dada yake Neema, shemeji yake Tomaso, na wanafunzi wengi.

Mwalimu, umepika kwa kuni zako. Pumzika kwa amani, hapa kwako.