Wasifu wa Bwana Fimbo, na Ukweli Kuhusu Maji Kwenye Petroli

Baba yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Bwana Fimbo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Jina hilo halikutokana na kuchapa watu. Wanawe ni mashahidi kwamba hakuweza kumfukuza hata kuku sebuleni. Fimbo ni ile ya kupimia mafuta kwenye tangi la chini ya kituo, na hawakuachana miaka yote ya kazi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari 1975 na chuo cha ufundi 1977. Cheti alikipata, tena chenye muhuri, jambo ambalo katika ukoo huu si la kila mtu.

Mwaka 1978 aliajiriwa na kampuni binafsi inayosafisha mafuta ghafi na kuyauza katika vituo vyake. Alianzia kiwandani, na mwaka 1986 akapewa kusimamia kituo cha njia panda. Hapo ndipo mkewe alipofika na dumu kununua mafuta ya taa. Marehemu alimpimia mpaka tone la mwisho.

"Kaka, hata nyongeza kidogo hamna?"

"Nyongeza ni mali ya kampuni, dada. Mimi cha kutoa ni mkono wa kubebea."

Dumu likabebwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu.

Sehemu inayofuata shangazi yetu, dada wa marehemu, alitaka tuiruke. "Watu wanakuja kuzika, nyie mnawafungulia mahakama," alisema. Lakini marehemu mwenyewe aliagiza isomwe.

Lori la mafuta likifika kituoni, msimamizi na dereva hupima kwanza tangi la kituo, pamoja, ndipo mpira wa kushushia ufunguliwe. Ncha ya fimbo hupakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Aprili 1999, asubuhi baada ya mvua kubwa, foleni ya magari ikiwa imefika barabarani, lori lililetwa na rafiki yake, dereva mliyemwita Taratibu.

"Hatupimi?" Taratibu aliuliza.

"Kwako wewe nipime nini? Shusha."

Kufika mchana magari yalikuwa yamezimika mtaa mzima. Petroli ilikuwa na maji. Wakubwa walipouliza kama tangi lilipimwa kabla, marehemu alijibu kwamba lilipimwa, na halikuwa na maji. Basi maji yakawa ya lori, na Taratibu akafukuzwa kama mtu aliyeuza petroli njiani na kujazia maji. Mwaka uliofuata mafundi walifungua mfuniko wa tangi, wakakuta mpira wake wa kuzibia umeoza. Mvua ilikuwa ikiingilia hapo. Marehemu aliwaambia waweke mpya, akanyamaza.

Alinyamaza hadi kustaafu mwaka 2017, kwa sherehe, keki na hotuba ndefu juu ya uaminifu wake. Wenzake mtakumbuka keki hakuigusa. Mlidhani ni kisukari.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, ndipo akatueleza haya. Tulipomuuliza kwa nini hakwenda kusema mwenyewe kwa wakubwa wa kampuni, alisema alikwenda mara mbili, akaishia getini kusalimiana na walinzi. Januari 2024, akiwa hawezi tena kutembea, aliomba apelekwe kwa Taratibu, ambaye hakupata tena kampuni ya kumkabidhi lori na sasa anatengeneza baiskeli. Alimweleza yote. Taratibu alisikiliza huku anakaza spoki.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema. "Mimi hata mke wangu alinitilia shaka."

Marehemu alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Machi 2024. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na dada ambaye hadi sasa hajafurahishwa na ukurasa huu.

Kabla ya kuuchapa, tulimsomea Taratibu maneno haya, tukamuuliza kama tumalizie kwa kusema amesamehe.

"Hapana, mwanangu, hilo bado. Andika kwamba petroli niliyoileta ilikuwa safi."

Watu wa kampuni, petroli aliyoileta ilikuwa safi. Baba mkubwa, wamesikia. Pumzika.