Zenon Kauzeni na Meza ya Jioni ya Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Zenon Kauzeni, Msimamizi wa Ukumbi wa Chakula katika meli yetu ya mapumziko, MV Neema, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka ishirini na saba. Alianza kazi meli ikiwa bado inanuka rangi mpya, na anaiacha ikiwa imepakwa rangi mara sita. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja watano na manahodha wanne. Wapishi siwataji, maana ukimwacha Timoth, wapishi wa meli yetu huja na kuondoka kama mafua.

Makala ya namna hii huandikwa kwa bashasha, na nimekabidhiwa mimi kwa sababu inasemekana nina kalamu nyepesi. Nitajitahidi. Lakini kuna jambo itabidi nilitangulize, la sivyo sifa zote zitakazofuata zitakuwa za kinafiki. Mzee Zenon alikuwa na tumaini moja alilolitunza kwa miaka mingi: kwamba akishastaafu, yeye na mkewe, Bi. Fransiska, wangepanda MV Neema kama abiria wengine, na jioni ya tatu wakae mezani kwenye Chakula cha Heshima, wamevaa rasmi, na safari hii wahudumiwe wao. Chakula hicho hakipo tena. Aliyekifuta ni mimi, Munira Ridhiwani, mkuu wa ofisi ya tiketi hapa Sumbawanga.

Bwana Zenon alizaliwa Milepa mwaka 1965, katika familia ya wakulima, na kabla ya kuja kwetu alikuwa mhudumu katika hosteli moja ya mapadre. Huko ndiko alikojifunza kupanga vijiko kwa mstari ulionyooka kuliko barabara zetu nyingi. Mwaka 1998 alisikia kwamba kuna meli mpya Kipili itakayowatembeza watu ziwani kwa siku nne, kwenda Kasanga na kurudi, bila kubeba mzigo hata gunia moja la mahindi. Mwenyewe husimulia kwamba hakuamini. Alijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu atapanda meli isiyokuwa na pa kwenda. Alikwenda kuhakikisha, akaajiriwa siku hiyohiyo.

Kwa wafanyakazi waliojiunga nasi miaka hii mitatu, ni vizuri nieleze Chakula cha Heshima kilikuwa nini. Waanzilishi wa kampuni waliweka desturi kwamba jioni ya tatu, nanga ikiwa imeshushwa karibu na Kasanga, kila abiria avae vazi rasmi: wanaume koti na tai, wanawake gauni refu. Nahodha alikaa meza ya kwanza. Kuhe, wale samaki wakubwa wa ziwani kwetu, waliletwa wazima kwenye sinia. Asiye na koti hakuingia, ila kwa Zenon hakuna aliyewahi kukosa koti, kwa sababu alikuwa na kabati la makoti kumi na matatu ya kuazima, kila moja akilijua kwa mabega yake.

Sisi wa nyanda za juu koti si jambo geni. Hapa Sumbawanga mtu hulivaa akienda dukani kununua chumvi. Lakini ukiteremka mpaka ziwani, joto linakupokea kabla ya mwenyeji, na hapo ndipo watu walipoanza kulalamika. Zenon aliwaambia kwa upole kwamba ni saa mbili tu, na kwamba harusini huwa wanakaa saa sita. Wakaingia.

Visa vya kabati lile vingetosha kitabu. Kuna mfanyabiashara wa Namanyere, mtu wa mwili, aliyesisitiza kuvaa koti alilolipenda kwa rangi badala ya lile lililomtosha. Wakati wa sala ya kubariki chakula alipoinamisha kichwa, mshono wa mgongo ukaachia kuanzia shingoni hadi kiunoni. Zenon alisimama nyuma yake na trei mpaka matunda yalipoliwa, na watu wakaondoka wakisifu jinsi yule bwana alivyohudumiwa. Kuna pia bwana harusi aliyekuja na jezi ya timu yake, siku ya mechi ya watani. Zenon alimvalisha koti juu ya jezi na kulifunga vifungo vyote hadi kidevuni. Habari za bao zilipofika, vifungo vyote vilikatika kwa mpigo. Kesho yake Zenon alitembea ukumbini na kisanduku cha kiberiti akiviokota.

Mafanikio yake makubwa, kwa maoni yangu, ni ya mwaka 2004. Akina mama thelathini wa parokia moja ya Sumbawanga walisafiri nasi kuadhimisha jubilei ya kikundi chao, na jioni ya tatu wakajipanga mlangoni wakiwa na sare ya kitenge, vilemba vimesimama. Kanuni ilisema gauni refu. Meneja wa wakati huo alitaka warudi vyumbani. Zenon alifungua mlango mabawa yote mawili, akawaingiza mmoja mmoja kwa jina, kisha akamwambia meneja kwamba kwetu mtu akitaka kumheshimu Mungu na watu huvaa hivyo, na kama hilo si vazi rasmi basi yeye hajui rasmi ni nini. Kanuni ikabadilishwa wiki ileile. Baba yangu, marehemu mzee Ridhiwani, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alipopanda mwaka uliofuata alivaa kanzu, koti na kofia, akapewa kiti karibu na nahodha. Alilisimulia jambo hilo nyumbani mpaka tukalikariri.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema mzee huyu alikuwa mgumu wa mabadiliko. Alibadilisha desturi kuliko sisi sote. Tofauti ni kwamba yeye aliibadilisha ili watu waingie nayo mlangoni.

Mimi niliibadilisha kwa tangazo. Ilikuwa Julai 2022. Baada ya miaka ile ya ugonjwa, abiria waliorudi walikuwa vijana zaidi, wa begi moja la mgongoni, na katika maoni yao mtandaoni walituuliza likizo gani hii ya kufungwa tai kama mwanafunzi. Makundi mawili yalighairi. Niliandika mistari minne ya kusema kwamba tangu sasa abiria avae anavyojisikia, meneja akatia saini bila kumaliza kusoma, nami nikajiona mtu wa kisasa. Jioni ya tatu ikawa kama jioni nyingine. Watu wakaja kula na kaptula, singlendi na ndala, wengine nywele zinachuruzika maji ya kuogelea. Nahodha naye, alipoona yuko peke yake na magwanda, akaanza kulia chakula chumbani kwake.

Mwaka uliofuata tukaondoa kabati la makoti ili tuweke friji ya soda. Makoti yalipelekwa kwa kwaya moja ya Kirando, ambako nasikia sauti ya tatu inaimba vizuri lakini inatoka jasho sana. Zenon aliendelea kusimama mlangoni na koti lake jeupe na tai ya kipepeo, akiwakaribisha watu wa ndala kwa jina, mmoja mmoja. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Niliuchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Hilo ni kosa la watu wa ofisini, tunadhani mtu asiyeandika barua hana neno.

Tumaini lake nililijua Februari mwaka huu, nilipokuwa nakusanya fomu za kustaafu. Timoth, mpishi wetu, ndiye aliyeniambia. Kwa miaka yote Zenon alikuwa akirudi nyumbani kwake Namanyere anamsimulia mkewe nani alivaa nini, nani alicheka, kuhe alipikwaje. Bi. Fransiska, akiwa na jembe lake kwenye shamba la ulezi, alikuwa akimtania kwamba siku moja naye atakaa pale aletewe sahani na mtu mwingine. Wakaahidiana. Kampuni ilikuwa na tiketi za familia za wafanyakazi, lakini Zenon hakuzitaka, maana hakuweza kukaa mezani wakati wenzake wamesimama. Alisema atakaa siku ambayo hana zamu tena. Gauni la Bi. Fransiska lilishonwa mwaka 2019, la zambarau, likatundikwa likisubiri. Niliposikia hayo nilifunga mlango wa ofisi nikalia.

Nikajaribu kurekebisha, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili. Safari moja ya mwezi Mei niliwatumia abiria wote ujumbe kwamba jioni ya tatu tutavaa rasmi kama zamani, kwa heshima ya mfanyakazi wetu anayestaafu. Nilimpa Zenon likizo ya siku nne, nikamleta Bi. Fransiska kutoka Namanyere, nikawawekea meza ya kwanza. Mimi mwenyewe nilipanda meli kuhakikisha kila kitu.

Walipendeza, lazima niseme. Yeye na suti ya kijivu, mkewe na lile gauni, wakashikana mikono kuingia kama watu wa nusu ya umri wao. Kisha abiria wakaanza kufika. Walikuwa wameuelewa ujumbe wangu kuwa ni mchezo. Mmoja alikuja na tai shingoni na kifua wazi. Mwingine alivaa koti na kaptula ya kuogelea. Dada mmoja alijifunga shuka la kitanda akasema ni gauni refu. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanafurahi, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba kuna kitu hapo cha kukiheshimu. Kijana mmoja alikwenda meza ya kwanza na simu mkononi.

"Shikamoo mzee. Hizi pamba mmekodi wapi? Mmetisha!"

Zenon aliitikia marahaba tu. Bi. Fransiska ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya.

"Hatujakodi, mwanangu. Nilishonewa."

Wakaombwa kupiga picha, wakapiga. Wakapigwa tena na wale wa meza ya pili, na ya tatu. Kuhe akapoa. Nilipoangalia tena, Zenon alikuwa amekunja kitambaa chake cha mapajani, ameinuka, na anasaidia kukusanya sahani za meza ya nyuma akiwa na suti yake ya kijivu. Bi. Fransiska alimaliza chakula chake peke yake, taratibu, mgongo umenyooka, mpaka kijiko cha mwisho. Sijawahi kuona mtu akila kwa heshima namna ile, na sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mimi.

Asubuhi nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa sitahani, akitazama milima ya Kongo ng'ambo. Nikamuuliza kwa nini mwaka ule wa tangazo hakunipinga, wakati neno lake moja lingetosha kunizuia.

"Hukuniuliza, mama. Ulinipa karatasi na gundi ukaniambia nikabandike mlangoni."

Hakuwa na hasira. Aliongeza kwamba vijana wa jana hawana kosa, kwamba huwezi kumwalika mtu kwenye heshima kwa kumtumia ujumbe wa simu, na kwamba mkewe ameridhika, jambo ambalo sote wawili tulijua si kweli.

Wenzangu, haya yote nimeyaandika kwa idhini yake. Nilimsomea kwa simu neno kwa neno, naye akasahihisha mwaka mmoja na jina la samaki. Sisemi kwamba turudishe tai. Vijana wanaotujazia meli leo ni wageni wetu halali, na joto la Kipili halijapungua. Ninachojutia ni kwamba mtu mmoja aliijua desturi hii toka ndani, alishawahi kuipanua akina mama thelathini wakapita, na angeweza kututafutia njia ya kuipanua tena. Alikuwa umbali wa simu moja. Nilikuwa na namba yake.

Kwa hiyo safari hii nimejifunza. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi tarehe 28 saa kumi jioni, ukumbi wa parokia hapa Sumbawanga, na kabla ya kuchapisha mwaliko nilimpigia nikamuuliza, kama nilivyopaswa kumuuliza miaka mitatu iliyopita, angependa tuvae nini. Nilikuwa tayari kwa lolote: suti, kitenge cha sare, kanzu, magauni mpaka sakafuni. Nilikuwa nimeshazungumza na mafundi cherehani wawili.

"Aa, mambo hayo mimi nimeshayaacha, mwanangu," akasema. "Waambie tu waje na sweta. Juni hii Sumbawanga si mchezo."

Basi wenzangu, njooni na sweta.

Mzee Zenon, kwa niaba ya uongozi, mabaharia, wapishi, wahudumu uliowafundisha kushika trei na sisi wa ofisini tuliochelewa kukufahamu, asante sana. Mungu akujalie wewe na Bi. Fransiska afya, mvua za wakati wake na ulezi uliojaa ghalani. Nendeni salama, mkapumzike vizuri, na utusamehe.