Mzee Sijaelewa Anaweka Kalamu Chini

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mchoraji wa kituo chetu cha utafiti atafunga chupa yake ya wino baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Kwenye barua ya ajira ameandikwa Mchoraji Daraja la Pili. Kwenye korido, tangu mwaka wake wa kwanza, anaitwa Mzee Sijaelewa, na jina hilo amelitolea jasho.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Kituo chetu kina watu wa fasihi ghorofa ya juu, watu wa hisabati katikati na wahandisi chini, karibu na mashine zao. Yeyote aliyehitaji mchoro wa kuchapishwa, iwe ni grafu, nguzo ya daraja au mpangilio wa vina vya shairi, aliupeleka chumba namba saba. Mchoraji alitakiwa aupokee, auchore vizuri, aurudishe. Basi. Lakini huyu alikuja na sharti lake, na wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka bila kuweza kumwachisha: hachori asichokielewa.

Mkurugenzi wa kwanza alimwita ofisini ili amkanye. Walikaa saa mbili. Mkurugenzi akatoka amejishika kiuno, akasema alitaka kumweleza mzee kazi ya kituo, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyogundua kwamba hata yeye haijui vizuri.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini sisi tulikuwa tumezoea kwamba anayeuliza ni mwanafunzi. Mzee aliwauliza maprofesa. Aliuliza kwa upole, kalamu imelala juu ya sikio, na jibu lisipomkaa alisema neno lake moja, “Sijaelewa,” bila aibu hata chembe, kama mtu anayesema hajala.

Ambaye hajawahi kuingia chumba namba saba namhurumia. Dirisha lake moja linatazama ukuta mweupe wa jengo la jirani. Jua la asubuhi huupiga ule ukuta kwanza, kisha mwanga huingia chumbani ukiwa umepoa, kama maji ya mtungini. Karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga zimening’inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila mlango unapofunguliwa zinainuka na kushuka taratibu, madaraja na milinganyo na beti, zote zikipumua pamoja. Ukikaa pale kidogo unasahau ulikuwa na haraka ya nini. Wengi wetu tumesinzia kwenye kiti chake cha wageni. Hakumwamsha mtu. Alisema aliyetoka usingizini hueleza vizuri, kwa sababu bado hajakumbuka maneno makubwa.

Mkuu wa hisabati, mama mmoja mkali mwenye moyo laini ambaye sote tunamwita Shangazi, aliwahi kushuka na kurasa saba za hesabu. Alieleza mara nne, akajibiwa lile lile mara nne. Mara ya tano alivua mtandio wake, akausokota mara moja, akazifunga ncha mbili pamoja na kukipitisha kidole cha mzee juu yake, pande zote mbili bila kukiinua, mpaka kikarudi kilikoanzia. “Aaa,” mzee akasema, na mchoro ukatoka ndani ya dakika ishirini. Shangazi aliusahau mtandio juu ya meza, akaenda kufundisha kichwa wazi. Tangu siku hiyo alifundishia huo huo mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake walisema wanaelewa.

Mhandisi wa Madaraja naye ana sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto, na aliamini asiyeelewa ni yule ambaye hajapigiwa kelele ya kutosha. Miaka mingi tulifuatilia utafiti wake kupitia sakafu.

Katika mwaka wa kumi na mbili wa mzee, alishuka kutoka ghorofa ya juu mwanafunzi wa uzamivu wa fasihi, msichana mwenye majivuno na faili la kijani. Alikuwa amerekodi waghani sitini na wanne na kupima kimya kinachopita baina ya mstari na mstari shairi linapoghanwa. Nadharia yake ilisema kimya hicho hutokana na pumzi ya mghani, na kwamba wote hupumzika kwa mtindo mmoja. Ilibaki grafu moja tu, nukta sitini na nne, kila mghani nukta yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufikia siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, na muda wake wa masomo ulikuwa umeshaongezwa mara mbili. Akikosa safari hii angefutwa kwenye orodha, aombe nafasi upya mwaka unaofuata, akipewa. Mama yake alikuwa ameshawaalika ndugu wote kwenye mahafali. Mama mdogo alikuwa ameshashona nguo.

Msichana huyo ndiye mimi ninayeandika, na nilimchukia mzee huyu mwaka mzima.

Aliweka kidole kwenye nukta moja iliyokaa mbali na wenzake. “Huyu ni nani?”

Nikamwambia ni namba arobaini na moja.

“Namba arobaini na moja alikuwa amekaa au amesimama?”

Nikamwambia haihusiani. Akasema hajaelewa. Nilishuka ngazi zile mara tisa katika siku kumi, na kila mara alikuwa na nukta nyingine ya kuniuliza, mtu kwa mtu, kana kwamba ni wageni waliokuja kwake na mimi nimekataa kuwatambulisha. Mara ya tisa nililia. Alinipa leso, akasubiri nimalize, kisha akasema bado hajaelewa.

Nikatoka na faili langu mpaka kwenye duka la kompyuta nje ya geti, ambako kijana aliniuliza swali moja tu: napendelea nukta za rangi gani. Baada ya robo saa nilikuwa na mchoro wangu, mzuri, nukta nyekundu. Nikaenda nao nyumbani, na yule namba arobaini na moja akanifuata. Nikaona nimsikilize mara moja ya mwisho, angalau niweze kumjibu yule mzee mbishi.

Nyuma ya sauti ya mghani, katika kaseti, mlikuwa na mgongano mdogo mdogo ambao siku zote nilijitahidi kutousikia. Niliuandika kwenye daftari kama kelele. Zilikuwa hatua. Mtu yule alikuwa anaghani huku akitembea sakafuni, anakwenda na kurudi, na kila aliponyamaza alinyamaza kwa hatua mbili. Nikasikiliza zote upya, siku mbili bila kutoka. Waghani ishirini na sita walikuwa wanatembea. Walikuwa wananiambia tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nawasafisha ili niwasikie vizuri.

Mchoro wangu mzuri ulikuwa wa uongo, na siku zilizobaki hazikutosha kuandika nadharia upya. Ningeweza kuuwasilisha, na nina hakika ungepita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huo ukuta ungejengwa baada ya mahafali, na ndugu wakiwa wameshakula. Siku ya mwisho ilipofika niliketi kwenye ngazi, faili mapajani, mpaka ofisi ikafungwa. Mama hakunipigia simu kwa wiki nzima. Mama mdogo aliivaa ile nguo kwenye harusi ya watu wengine.

Nilirudi chumba namba saba nimenuna, nikamwambia mzee yote aliyotaka kujua: nani alikaa, nani alitembea, nani alikuwa mgonjwa siku ile. Hakusema “nilikwambia.” Alichora nukta sitini na nne kwa mkono, wino mweusi kwa waliokaa na wa buluu kwa waliotembea. Kisha akavuta kutoka kwenye kamba karatasi aliyomchorea Mhandisi mwezi uliotangulia, mwendo wa watu wanaovuka daraja la miguu, akaiweka juu ya yangu na kuzibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha.

Mwanga ule uliopoa ukapita ndani yake. Vilima vya mchoro wa watembeao darajani vikakaa sawasawa juu ya nukta za kimya cha waghani. Mhandisi aliitwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo alinong’ona.

Shangazi ndiye aliyetuamsha. Alisema macho ni shahidi anayependa kuhongwa, akazibandua karatasi zote mbili na kuondoka nazo. Alifanya hesabu wiki tano. Jibu lake likawa kwamba waliotembea walipumzika kwa miguu kweli, na waliokaa hawakuwa na uhusiano wowote na daraja la mtu. Nusu ya ndoto yetu ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonipa shahada mwaka uliofuata, nilipokubaliwa tena. Ndiyo pia makala ya kwanza ya kituo iliyobeba majina kutoka ghorofa zote tatu. Mzee alikataa jina lake liwe la nne. Alisema yeye aliuliza tu. Kikao cha Jumatano, ambacho wageni hukisifia sana, kilianzia kwenye chumba chake, kila mtu akiteremka na kiti chake kichwani.

Wasomaji wa jarida hili wanakijua kisanduku kidogo kilicho chini ya ukurasa wa mwisho. Kila mstaafu wetu amechorewa humo na mzee, na si sura. Alikaa na mtu siku nzima, kisha akachora kitu kimoja. Mlinzi alichorewa kiti chake chenye mguu mfupi. Shangazi, miaka miwili iliyopita, alichorewa fundo la mtandio, akalia mbele za watu.

Safari hii nilimwomba mzee ajichoree mwenyewe. Alicheka, akatoa kalamu sikioni, akanipa.

Nimekaa nayo siku nne. Nimejaribu dirisha, kamba, chupa ya wino. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa na bado sijui alijuaje kwamba yule wa arobaini na moja alikuwa na jambo la kusema, wala alipata wapi moyo wa kuniacha nimchukie. Sijaelewa, mzee wangu. Na wewe ndiye uliyetufundisha la kufanya mtu asipoelewa.

Asante kwa miaka yote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wa mchana, na majirani wenye subira ya kueleza jambo mara tisa. Uishi vizuri huko uendako.

Katika kisanduku hapa chini nimeweka nukta moja, kwa wino wako. Ni wewe. Umesimama, karibu na dirisha.