Leland Vondracek na Ngazi za Siku ya Kipimo

Marehemu Leland Vondracek alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 shambani kwao karibu na Ord, Nebraska, mtoto wa kwanza wa Emil na Agnes. Alisoma hapa hapa Ord hadi mwaka 1986, akajiunga na jeshi. Mwaka 1991 alikuwa Kuwait visima vya mafuta vilipokuwa vikiwaka, na moshi ule alirudi nao kifuani.

Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza mabasi ya shule. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Marlys. Siku ya kwanza kumtembelea alifika nusu saa kabla ya wakati, akamkuta na vibanio vya nywele kichwa kizima, akageuka kutazama ukuta mpaka Marlys alipomaliza kuvitoa.

Ofisi ya askari wastaafu, inayolipa fidia kwa kiwango cha ulemavu, ilimpa asilimia kumi. Kumi! Mtu aliyepumzika mara mbili akienda kuchukua barua hapo nje. Alikata rufaa mara tatu. Alitaka waandike tu ni kwa kiasi gani mapafu yake yaliharibikia kazini kwao.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mimi, dada yake, nilimpeleka kwa daktari wa ofisi hiyo kupimwa upya. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ghorofa tatu, akaketi kwenye ngazi ya mwisho, midomo imemgeuka rangi.

"Twende hivyo hivyo, kaka, wakuone," nikamwambia.

"Niingie kwa mama wa watu nikihema hivi? Una wazimu wewe? Subiri."

Nikasubiri. Dakika ishirini nzima, mimi na akili zangu timamu! Daktari alipomuuliza hali, akajibu, "Sijambo kabisa, mama." Ripoti ikaandikwa: "Amepanda ngazi bila msaada. Anapumua vizuri."

Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 22 Oktoba, alianguka jikoni akimenya viazi. Hospitali walisema ni mapafu. Jamani, nasimama hapa nasoma na bado siamini.

Ameacha mjane, Marlys, watoto wawili, Trent na Kayla, mjukuu mmoja, na mimi dada yake, Joleen. Jana Marlys alitia saini kuendeleza rufaa. Kwa hiyo, baada ya chakula, yeyote aliyemwona Leland akikosa pumzi aje aandike alichokiona. Karatasi ziko mezani, kando ya kahawa. Ya kwangu nimeshaandika, na sikuficha kwamba nilikubali kusubiri.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.