Kipande Kilichokataa Kufa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyetoboa mayai kwa miaka thelathini na moja. Tumemzika juzi. Ni baba yangu. Mkiisikia sauti yangu kavu, nivumilieni. Machozi hayajafika, nami nimeacha kuyasubiri.

Chuoni walimwita Bwana Dirisha. Kazi yake ilikuwa kukata kidirisha kwenye ganda la yai, kukifunika kwa utepe mwembamba, kisha kulirudisha yai kwenye mashine ya kutotolea vifaranga, ili wanafunzi waone kifaranga anavyoumbika. Narudia: miaka thelathini na moja, kidirisha, utepe, mashine. Mama anasema hata chai aliikoroga polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani ya kikombe.

Mimi nilizaliwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana. Shuleni walinicheka, nikarudi nyumbani mkono mfukoni. Kesho yake baba akanipeleka kazini, akanipa karatasi ya kubandika kwenye yai. Nilikusudia kuandika "ameumbika". Nikaandika "ameumbuka". Wahadhiri walicheka hadi wakashika mbavu. Baba hakuibandua. Alisema hujafa hujaumbika, kwa hiyo wasubiri kidogo.

Kisha akanionyesha yai la siku ya sita. Mguu wa kifaranga ulikuwa bapa kama kijiko. Siku mbili baadaye, ulikuwa na vidole.

"Vidole havichipui, mwanangu," akaniambia. "Nyama ya katikati ndiyo inayokufa, vidole vikabaki. Kwako kuna kipande kilikataa kufa. Basi."

Hata hivyo, mwezi uliopita nilikubali vidole vyangu vitenganishwe. Nilichoka kuuficha mkono. Nilipomuuliza baba, alisema mkono ni wangu na uamuzi ni wangu. Alhamisi moyo wake ukasimama, akiwa ameketi mezani na utepe mkononi. Upasuaji wangu ni kesho kutwa.

Kwa mama, kwa kaka yangu, kwa wenzake wa maabara: poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo vitazameni vidole vyenu. Kila mwanya mnaouona, kuna kitu kilikufa hapo ili nyinyi mpate umbo.

Kabla ya kuingia studio nilimpigia simu daktari, nikamwambia sitakuja. Akaniuliza kwa nini. Nikakata simu.

Daktari, kama unanisikiliza: baba amekufa. Kile kipande kiache.